Godoro la Masalia ya Pamba

Mwezi uliopita nilikwenda dukani pale Bariadi kununua godoro, maana kiuno changu siku hizi kinanisumbua na binti yangu amechoka kunisikia nikilalamika. Kijana wa dukani, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, akaniambia, "Mama, hili ni la mgongo. Ukilalia hili asubuhi unaamka msichana." Akalipigapiga kwa kiganja, akachana nailoni pembeni ili ninuse upya wake. Nikanusa. Lilinuka gundi na kiwanda. Nikacheka mpaka akadhani namdharau, kumbe nilikuwa nimekumbuka godoro jingine, lililonuka jua na vumbi na mafuta ya mbegu za pamba. Nalo lilikuwa la mgongo, na mimi nilikuwa mmoja wa mafundi wake, wakati meno yangu ya mbele bado hayajaota upya.

Nilikulia upande wa Mwamapalala, kwenye kijiji cha ujamaa. Wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Familia zilizokuwa zimekaa mbalimbali, kila moja na mifugo yake na ua wake wa minyaa, zililetwa pamoja, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi paredi. Katikati kulikuwa na rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga. Ikigongwa asubuhi, kila nyumba itoe watu wake kwenda shamba la kijiji. Asiyeonekana aliitwa kupe, na jina la kupe ukishapewa lilikuganda kuliko upupu. Watoto wako waliitwa watoto wa kupe hata kisimani.

Sisi hatukuwa na wasiwasi wa jina hilo, kwa sababu ya baba. Baba yangu alikuwa mtu wa magunia. Msimu wa pamba, sisi watoto tukishamaliza kushindilia pamba ndani ya magunia kwa miguu, tukicheka na kuzama mpaka kifuani, yeye ndiye aliyeyabeba na kuyapandisha juu ya lori. Wanaume wengine walibeba wawili wawili. Yeye alibeba peke yake, na wanawake waliokuwa kwenye mizani waliacha kuongea ili wamtazame. Mpaka mwaka ule gunia moja lilipoteleza juu ya mzigo likamshukia mgongoni akiwa ameinama. Alilala chini kidogo, akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea na kazi. Nilikuwepo. Nilidhani yamekwisha pale pale.

Baada ya hapo baba akaacha kulala. Usiku wowote nilioamka kwenda kukojoa, nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, fimbo juu ya magoti, macho wazi. Nikamuuliza mara moja tu, "Baba, unafanya nini?" Akajibu, "Lala, ng'wanone. Nipo." Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma chetu. Basi mimi nikajua anatulinda. Fisi walikuwepo, zizi lilikuwa hapo nje, na baba alikuwa ameamua kwamba hakuna kitu kitakachoigusa nyumba yake. Sijawahi kulala vizuri maishani mwangu kama miezi ile.

Jambo zuri kama hilo mtoto hawezi kulikalia kimya. Shuleni wenzangu walijisifia ng'ombe, mimi nikajisifia baba. "Baba yangu halali," niliwaambia. "Halali kabisa. Baba zenu wanakoroma mpaka fisi wanajua nyumba ipi haina mtu macho." Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye baba yake alikoroma kweli kweli, majirani walikuwa wakimtania, na siku ile alilia. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa na baba asiyelala, yeye hana.

Maneno ya watoto yakaenda nyumbani kwao, na kutoka huko yakafika kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Luhende, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki ambayo hakuivua hata kwenye mvua. Msimu uliofuata ghala la pamba lilipoanza kujaa, akaja nyumbani akiwa na furaha. "Baba Kabula," alisema, akimwita baba kwa jina langu, "tunatafuta mlinzi wa ghala, kumbe tunaye. Kijiji kizima kinasema wewe hulali."  Mama yangu, mayu kama tulivyomwita, alikuwa anapepeta mtama pembeni, ungo ukasimama mikononi mwake. Kisha baba akasema, "Nitalinda." Nikaruka ruka uani kwa furaha. Nilikuwa nimempatia baba cheo.

Ikawa jioni anakwenda ghalani, alfajiri anarudi, rimu ikigongwa anachukua jembe anakwenda shamba. Nami nikaanza kuona mambo ambayo sikuwa na mahali pa kuyaweka. Baba ambaye hakuwahi kunifokea alimtupia mbwa kigoda kwa sababu alibweka. Alisahau jina la ndama aliyempa jina mwenyewe. Kuinuka tu kutoka kwenye kigoda ikawa kazi, anashika nguzo ya nyumba, anavuta pumzi, anasimama vipande vipande. Mgongoni alikuwa na chale mpya za mganga, na kwenye paa mayu alichomeka karatasi yenye vidonge vyeupe vya zahanati, ambavyo viliisha na karatasi ikabaki. Yote hayo niliyaona, na bado nilimpelekea uji asubuhi nikitembea katikati ya njia, watu wanione.

Lori la mwisho lilipoondoka na pamba, ghala likabaki tupu na ulinzi ukaisha. Usingizi haukurudi. Ndipo likaja lile suala la masalia. Mnajua sheria ya pamba: mkishavuna, mabua yote yang'olewe yachomwe, la sivyo wadudu wanajificha humo mpaka mwaka unaofuata. Mwenyekiti akaitisha mkutano chini ya rimu. Nilikuwa nimeketi kwenye upande wa khanga ya mayu, nikimsukumia sisimizi kijiti.

"Bwana shamba ameshasema," mzee Luhende alitangaza. "Siku saba. Siku ya saba tunawasha moto. Sitaki nione hata bua moja, maana mkiyaacha wadudu watalala humo raha mustarehe."

Mayu akasimama. Mama yangu hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Khanga ilivutika nikabaki nimekaa mchangani.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "wadudu watalala. Na mume wangu je?"

Watu wakacheka. Halafu wakamwona uso, wakaacha.

"Sijakuelewa, mayu," mwenyekiti alisema.

"Kwenye mabua kuna pamba imebaki. Ile chafu, yenye majani, ambayo hata kwa fifi, lile daraja la chini, mnaikataa kwenye mizani. Naomba niiokote kabla hamjaichoma. Nataka kumshonea baba Kabula mahali pa kulala."

"Baba Kabula halali, tunajua wote. Ndiyo maana alikuwa mlinzi wetu, tena mlinzi hodari."

"Halali kwa sababu mgongo unamuuma," mayu alisema. "Tangu lile gunia. Anakaa macho usiku kucha, na ninyi mkamfanya mlinzi. Huo si uhodari. Ni ugonjwa."

Sasa watu wote waligeuka kumtazama baba, aliyekuwa amesimama nyuma na wanaume wenzake. Nami niligeuka. Alikuwa anatazama chini kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya wakwe zake. Mzee Luhende alikohoa. "Lakini pamba ni mali ya taifa, mayu."

"Na mgongo uliokuwa unaipandisha kwenye lori," mayu akauliza, "huo ni mali ya nani?"

Mpaka leo nikikumbuka swali lile kifua kinanijaa. Mwenyekiti aligusa kofia yake, akaisogeza mbele, akairudisha nyuma. "Siku saba," alisema mwishowe. "Ya saba moto unawaka, umemaliza hujamaliza."

"Wabeja," mayu akashukuru, akaketi.

Nyumbani baba alisema sentensi moja tu. "Umeuanika mgongo wangu mbele ya watu." Kisha akaenda zizini, akakaa huko mpaka giza likaingia. Mimi nilijificha nyuma ya ghala letu la mtama. Aliyeanza kutangaza hakuwa mayu.

Kesho yake tulikwenda kuokota. Vitumba vya pamba vikishakauka ncha zake ni miiba, na pamba iliyobaki humo imeng'ang'ania kama inajua inakochukuliwa. Mpaka saa nne vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu. Nikaona hapo ndipo pa kusemea. "Mayu, ni mimi niliyewaambia watu kwamba baba halali."

"Najua."

"Nilidhani anatulinda."

Mayu akaacha kuokota. "Umeshawahi kumwona mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi? Anazunguka, anazunguka, kila akizunguka kamba inafupika mpaka anajinyonga. Baba yako ndiye huyo. Mgongo unauma, usingizi unakataa. Usingizi ukikataa, kesho mgongo unauma zaidi. Anazunguka hivyo, na kamba inafupika." Akavuta kitumba kingine. "Mgongo wake mimi sina namna ya kuufikia. Mganga kashindwa, zahanati wameshindwa. Usingizi nitaufikia. Okota."

Tuliokota siku sita, na kapu lilikuwa bado nusu ya tulichohitaji. Siku ya saba, wanaume wakiwa tayari wanakusanya mabua, aliingia shambani jirani yetu mayu Holo, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka Lalago. Nilijua amekuja kutucheka. Nyuma yake walikuja wanawake saba, nane, kila mmoja na kikapu. "Mnaokota kama kuku wagonjwa," alisema. "Sogeeni huko." Moto ulipowashwa upande wa chini wa shamba, wao walikuwa bado wanakimbizana nao upande wa juu, wakinyofoa pamba moshi ukiwapiga usoni, wakipigiana kelele na kucheka. Tulirudi na mizigo mitatu. Nywele zangu zilinuka moshi kwa siku kadhaa na sikutaka kuziosha.

Kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Pamba ina mbegu, na mbegu zikibaki godoro linakuwa gunia la kokoto. Kiangazi kile chote, kila jioni kabla ya ugali, tulikaa mimi na mayu kuchambua kwa vidole, mbegu moja moja. Nilipewa kibuyu changu: kikijaa mbegu ndipo nile. Mbegu tuliwapa ng'ombe. Baba alipita mbele yetu kana kwamba tunasuka kitu kisichomhusu. Lakini jioni moja nilirudi kutoka kisimani mapema nikamkuta peke yake uani, ameinamia kikapu, anang'ang'ana na kipande cha pamba kwa vile vidole vyake vilivyozoea magunia. Aliponiona akakitupa. "Nilikuwa naangalia kama ni safi," alisema, akaondoka kwa hatua zake za vipande vipande.

Mayu alitoa kitambaa cha marekani alichopewa alipoolewa, ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya siku kubwa asiyoitaja. Akakikata, akakishona, tukakijaza. Godoro likatoka nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, na kona moja ilivimba kama shavu lenye jino bovu. Sikuwa nimeona kitu kizuri kama kile. Tukalitandika juu ya kitanda cha miti, juu ya ile ngozi ya ng'ombe ambayo baba alikuwa akiilalia.

Akalikataa.

"Godoro ni la mwanamke aliyejifungua," alisema. "Na la mgeni. Mimi sijazaa wala sijasafiri." Akachukua ngozi ya mbuzi akatandika chini. Siku nyingi zikapita hivyo, godoro juu, baba chini, na mayu akilala kwenye mkeka wake akiwa ameugeuzia ukuta uso. Nadhani ndicho kipindi pekee nilichoogopa kwamba nyumba yetu itavunjika.

Kisha mvua ikanyesha. Mwenyekiti akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kesho ni siku ya kwanza ya kulima, rimu ikigongwa kila mtu awe shambani. Baba akamwambia, mimi nikiwa nasikia, "Plau la kwanza nitashika mimi." Mzee Luhende akamtazama jinsi alivyoshika nguzo. "Kweli, baba Kabula?" Baba akajibu, "Nimesema." Mwenyekiti akaondoka, na mayu akakaa chini pale pale aliposimama. Sote watatu tulijua hali aliyokuwa nayo. Asiposhika plau ataitwa mtu wa maneno matupu, na akilishika jinsi alivyo, atavunjika mbele ya kijiji.

Alipotandika ngozi yake chini jioni ile, nilikwenda nikasimama mbele yake, nikamnyooshea mikono yote miwili. Ncha za vidole zilikuwa ngumu na nyeusi kwa makovu ya vitumba. "Baba," nilisema, "nimechambua mimi. Kesho nikikukuta chini nitajua vidole vyangu havina kazi." Nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimepanga.

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akashika nguzo, akapanda kitandani. "Leo tu," alisema.

Nami nikakalia kigoda chake karibu na mlango, fimbo yake nikaiweka magotini. Nilitaka asiwe na sababu yoyote ya kuamka, fisi waje kwangu kwanza. Nadhani nililinda dakika kumi. Nilizinduka shingo imenipinda, mlangoni kumeanza kuwa na mwanga, na ndani ya nyumba kulikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwetu. Nilidhani ndama ameingia. Nikamtazama mayu, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka, anatetemeka kwa kicheko.

Baba alikuwa anakoroma.

Nisiwadanganye. Mgongo ule haukupona. Alikwenda nao mpaka uzeeni, na zilikuwepo nyakati mbaya ambazo kigoda kilirudi mlangoni. Lakini tangu usiku ule kamba ilianza kulegea. Akilala usiku mbili tatu mfululizo anainuka bila nguzo, anamwita ndama kwa jina, na jioni anakuwa na utani.

Asubuhi ile rimu ikagongwa. Baba hakutikisika. Ikagongwa tena. Nikakimbilia kitandani nimwamshe, mayu akanidaka mkono. "Usithubutu," alisema. Akanipa jembe la baba, refu kuliko mimi. "Nenda shambani. Wakiuliza baba yako yuko wapi, waambie ukweli."

Nilikwenda nikiburuta lile jembe. Kijiji kizima kilikuwa kimeshapanga mstari, maksai wamefungwa nira, plau limesimama bila mtu. Mzee Luhende alikuwa anatazama njia ya kwetu. Nikasikia mtu nyuma akinong'ona lile neno, kupe, taratibu, kama anajaribu kuona litakavyokaa.

"Kabula," mwenyekiti aliniita. "Baba yako yuko wapi? Alituahidi."

Nilisimama mbele ya watu wote wale. Nikawaona wenzangu wa shule, na yule mvulana niliyemliza kwa ajili ya baba yake. Nikavuta pumzi.

"Baba yangu amelala!" nilisema. Na kwa kuwa haikutosha, nikapaza sauti zaidi, "Baba yangu anakoroma!"

 Kisha mayu Holo akaachia kigelegele kirefu, mikono juu, kama anampokea bwana harusi, na wanawake wa vikapu wakamfuata mmoja baada ya mwingine, mpaka maksai wakarudi nyuma. Yule mvulana alikuwa anacheka kuliko wote. Mzee Luhende akavua kofia. Ndiyo siku pekee niliyoona upara wake. "Fungueni ng'ombe wale majani," alisema. "Plau litamngoja mwenyewe."

Walianza kwa majembe ya mkono. Jua lilikuwa limeshapanda sana tulipomwona anakuja. Alitembea wima. Hakuwa na fimbo. Watu waliacha kulima mmoja mmoja, na mwenyekiti akamsubiri mpaka afike karibu, halafu badala ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, akampa ile ya mchana.

"Mwadila, baba Kabula!"

Shamba zima likaangua kicheko. Baba akasimama, akatazama jua, akakubali.

"Mwadila gete," alijibu, yaani mchana kweli, akaenda akashika plau.

Nilimfuata nyuma kwenye udongo mbichi, jembe lake begani, na kila niliyempita nilimsalimia kwa sauti kubwa, anione vizuri mimi ni mtoto wa nani.